Retina, tabaka kwa tabaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Retina ni nini, na iko sehemu gani ya jicho?

Ni utando mwembamba unaofunika ukuta wa ndani wa jicho upande wa nyuma. Mwanga ukishapita konea (kioo angavu cha mbele ya jicho), mboni, lenzi na ule ute mzito unaojaza jicho, hapo ndipo unapofikia. Kwa sehemu kubwa unene wa retina ni kati ya milimita 0.2 na 0.3, yaani karatasi mbili tatu za daftari zikibanwa pamoja. Pembezoni kabisa hupungua hadi milimita 0.1 hivi. Nyuma yake kuna koroidi, tabaka lililojaa mishipa ya damu, na nyuma ya koroidi ndipo ulipo ule weupe mgumu wa jicho.

Kwa asili yake retina ni sehemu ya ubongo. Kwenye wiki ya 4 hivi ya mimba, ubongo unaoanza kuumbika huchomoza vifuko viwili, kimoja kila upande, na kila kifuko hujikunja kikawa kikombe chenye kuta mbili. Ukuta wa ndani huwa retina yenyewe ya neva, wa nje huwa tabaka la seli za rangi. Kuta hizo hugusana maisha yote lakini hazishikamani kwa nguvu. Ukilielewa hilo, sehemu kubwa ya magonjwa yanayoelezwa hapa chini haitakushangaza.

Kitabu kimoja kinasema matabaka 3, kingine 10. Kipi kiko sahihi?

Vyote viwili. Mwenye kuhesabu 3 anahesabu safu za miili ya seli tu: ganglioni (zinazopeleka habari kwenye ubongo), seli za katikati, na zile zinazopokea mwanga, yaani fimbo na koni. Mwenye kuhesabu 10 anaongeza maeneo ambako seli zinaungana, mipaka, na tabaka la rangi. Kuanzia upande wa ute kwenda nje, orodha ndefu ni hii:

1. Mpaka wa ndani, unaoshikwa na nyayo za seli za Müller, ambazo ni seli za kutegemeza retina.
2. Nyuzi za neva, zinazotambaa kuelekea kwenye neva ya jicho.
3. Miili ya seli ganglioni.
4. Maungio ya ndani, ambako bipola na amakrini, aina mbili za seli za katikati, huzungumza na ganglioni.
5. Viini vya ndani: seli bipola, seli mlalo, amakrini, na miili ya seli za Müller.
6. Maungio ya nje, ambako fimbo na koni huungana na bipola na mlalo.
7. Viini vya nje, yaani viini vya fimbo na koni.
8. Mpaka wa nje. Si utando kweli. Ni mstari wa mahali seli za Müller zinapobanana na fimbo na koni.
9. Sehemu za fimbo na koni zinazohisi mwanga.
10. Seli za rangi, zilizojaa melanini.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye maneno “ndani” na “nje”. Hapa kipimo ni kitovu cha jicho. Kilicho karibu na ute ni cha ndani, kilicho karibu na koroidi ni cha nje. Ukishika hilo, huwezi tena kuweka koni mbele ya ganglioni kwenye mtihani.

Kwa hiyo mwanga unapita matabaka yote kabla ya kuhisiwa? Si mpangilio wa kinyume huo?

Unapita, ndiyo. Fimbo na koni ziko karibu mwisho wa safari, zimegeuzia mwanga mgongo. Pweza yeye hana tatizo hilo: seli zake za mwanga zimeelekea mbele, nyuzi zake hutokea nyuma, na hana doa kipofu.

Wengi hupenda kusema kwamba jicho letu limekosewa. Hoja hiyo inasahau njaa ya seli hizi. Fimbo na koni hutumia oksijeni kwa wingi mno, na huchakaa kila siku. Zinahitaji kukaa bega kwa bega na seli za rangi zinazozisafisha, na koroidi inayozilisha. Mishipa ya koroidi ingekuwa mbele, damu ingeziba mwanga. Tena retina ni angavu, na seli za Müller, zinazosimama wima kutoka tabaka la kwanza hadi la nane, husaidia kuupitisha mwanga mpaka nyuma. Watafiti wa Ujerumani walilionyesha hilo mwaka 2007. Na mahali panapohitaji usahihi kuliko pote, kwenye fovea, kishimo kilicho katikati ya retina, matabaka ya mbele yamesogezwa kando kabisa.

Fimbo na koni zinatofautiana vipi?

Fimbo ni za mwanga hafifu. Zina aina moja ya rangi-kihisi, rodopsini, inayonyonya vizuri zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 498 hivi, bluu-kijani. Kwa kuwa zote ni aina moja, haziwezi kutofautisha rangi. Ndiyo maana kwenye mbalamwezi kanga nyekundu na ya kijani huonekana zote za kijivu.

Koni ni za mchana, na ziko aina tatu. Vilele vyao ni karibu nanomita 420, 530 na 560. Kuziita za bluu, kijani na nyekundu ni njia ya mkato inayopotosha, kwa sababu kilele cha hiyo inayoitwa nyekundu kiko kwenye kijani-manjano. Hakuna koni inayojua rangi peke yake. Rangi hupatikana pale seli za mbele zinapolinganisha nguvu ya majibu ya koni tofauti.

Kwa umbo, sehemu ya nje ya fimbo ni ndefu na ina visahani takriban 1,000 vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikiwa kimejaa rodopsini. Kwenye koni, visahani ni mikunjo ya utando wa seli yenyewe, haijajitenga. Koni hujibu haraka zaidi na hujirejesha haraka zaidi. Fimbo ina usikivu wa ajabu: mwaka 1942 Hecht, Shlaer na Pirenne walionyesha kwamba mtu aliyezoea giza anaweza kuona mmweko unaonyonywa na fimbo chache tu, kati ya 5 na 14, kila moja ikipata fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga.

Ziko ngapi, na zimepangwaje?

Vitabu vya shule hurudia fimbo milioni 120 na koni milioni 6. Hesabu makini ya Christine Curcio na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1990, ilipata wastani mdogo zaidi: fimbo milioni 92 na koni milioni 4.6. Watu hutofautiana, lakini uwiano wa fimbo takriban 20 kwa koni moja unabaki.

Idadi si muhimu kama mpangilio. Katikati ya makula, eneo la retina la kuonea kwa usahihi, kuna shimo dogo, fovea, lenye upana wa milimita 1.5. Kitovuni pake koni zimebanana kwa wastani wa karibu 199,000 kwa kila milimita mraba, na eneo la upana wa milimita 0.35 hivi halina fimbo hata moja. Unaposoma maneno haya unatumia eneo hilo dogo na jirani zake. Kwingine kote unaona ukungu ambao ubongo unaupanga vizuri. Koni za bluu nazo hazipo kwenye kitovu chenyewe.

Fimbo hubanana zaidi kwenye duara lililo mbali kidogo na fovea, nyuzi 20 hivi za pembe. Jambo hili unaweza kulipima mwenyewe usiku usio na mwezi. Chagua nyota hafifu, iangalie moja kwa moja, itatoweka. Sogeza macho kidogo pembeni, itarudi. Askari wa doria na wavuvi wa usiku wanaijua mbinu hiyo bila kuhitaji somo la fimbo.

Mwanga ukigonga fimbo, hutokea nini hasa?

Kinyume na wengi wanavyodhani, fimbo hufanya kazi zaidi gizani. Milango ya utando wake huwa wazi, sodiamu na kalsiamu huingia mfululizo, chaji ya ndani hukaa karibu milivolti −40, na seli humwaga glutamati, kemikali ya kupitisha ujumbe, bila kupumzika. Mwanga unakuja kuuzima mtiririko huo. Hatua zenyewe:

Ndani ya rodopsini kuna retinali, molekuli itokanayo na vitamini A, ikiwa imepinda. Fotoni moja huinyoosha, na hilo hukamilika katika muda wa femtosekunde mia chache. Kunyooka huko hubadilisha umbo la opsini, protini iliyoishika, nayo huamsha protini iitwayo transdusini, si moja bali makumi. Kila transdusini huwasha kimeng'enya kinachovunja cGMP, na kila kimeng'enya huvunja molekuli nyingi kwa sekunde. Sasa cGMP ndiyo iliyokuwa inashikilia milango wazi. Ikipungua, milango hufunga, sodiamu haiingii, chaji hushuka kuelekea milivolti −70, na glutamati hupungua. Bipola iliyoungana na fimbo hiyo huona upungufu huo, na hiyo ndiyo habari ya “mwanga umefika”.

Ukuzaji huu wa hatua kwa hatua ndio unaoifanya fotoni moja ihesabike. Gharama yake ni kelele: mara mojamoja rodopsini hunyooka yenyewe kwa joto tu, na seli hudhani imeona mwanga.

Kwa nini nikizima taa sioni kitu kwa dakika kadhaa?

Kwa sababu rodopsini iliyonyooka haijikunji yenyewe papo hapo. Retinali hubanduka, hupelekwa kwenye seli za rangi, hupindwa upya, kisha hurudishwa. Koni hujirejesha ndani ya dakika 5 hadi 10, na baada ya hapo fimbo ndizo zinazoendelea kuboreka hadi dakika 30 au 40. Mmweko mmoja wa simu usoni unakurudisha nyuma sana. Anayehitaji kuona usiku atumie tochi nyekundu iliyofifia, maana fimbo karibu hazina habari na nyekundu ya mbali, au afumbe jicho moja wakati wa kuwasha taa.

Ikiwa kuzoea giza kunazidi kuwa kugumu mwezi hadi mwezi, hilo si uchovu. Linahitaji kupimwa.

Vitamini A inahusika vipi? Karoti zitanitoa kwenye miwani?

Karoti hazitakutoa kwenye miwani. Miwani hurekebisha jinsi mwanga unavyokusanyika, na hilo ni suala la umbo la jicho, wala si la rodopsini. Lakini uhusiano wa vitamini A na retina ni wa moja kwa moja. George Wald aliikuta ndani ya retina mwaka 1933, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 1967.

Ikipungua mwilini, fimbo huathirika kwanza. Mtoto anagonga vitu jioni, anakataa kucheza jua likizama, au anashindwa kuona chakula kwenye chumba chenye kibatari wakati wenzake wanaona. Baadaye weupe wa jicho hukauka na kutoa mabaka yenye povu, na mwishowe konea hulainika na kutoboka. Hapo upofu haurudi nyuma. Surua huharakisha yote hayo kwa sababu humaliza akiba haraka.

Matone ya vitamini A yanayotolewa kliniki hufuata kipimo cha Shirika la Afya Duniani: uniti 100,000 mara moja kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, kisha uniti 200,000 kila baada ya miezi 4 hadi 6 hadi afikishe miaka 5. Msizidishe kwa kununua vidonge wenyewe. Ziada hukaa kwenye ini na ni sumu, na kwa mjamzito dozi kubwa zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwenye sahani, vyanzo vizuri ni maini, mayai, viazi lishe vya rangi ya chungwa, maembe yaliyoiva, mboga za kijani kibichi na mafuta ya mawese mekundu ambayo hayajachujwa. Mboga ziende na mafuta kidogo, la sivyo mwili hunyonya kiasi kidogo.

Seli za katikati zinafanya kazi gani?

Zinapunguza na kuchambua. Fimbo na koni karibu milioni 100 zinatakiwa kupeleka habari kupitia nyuzi zipatazo milioni 1 za neva ya jicho. Haiwezekani kila seli iwe na waya wake. Bipola hubeba habari kutoka nyuma kwenda mbele. Seli mlalo hupita kiupande na kupunguza majibu ya majirani, ili ukingo wa kitu uonekane mkali kuliko ulivyo. Amakrini, zenye aina nyingi mno, hushughulika na mambo ya mwendo na ya mpito.

Kwenye fovea koni moja huweza kuwa na bipola yake binafsi. Pembezoni, fimbo nyingi humiminika kwenye ganglioni moja. Usikivu unaongezeka, usahihi unapotea. Ndiyo maana unaweza kuona pikipiki inayokujia pembeni, lakini usiweze kusoma namba yake.

Doa kipofu nitalionaje?

Nyuzi zote za ganglioni hukusanyika mahali pamoja na kutoboa ukuta wa jicho. Hapo hakuna fimbo wala koni. Mahali hapo ni upana wa milimita 1.5 hadi 2, nyuzi 15 za pembe upande wa pua kutoka fovea. Mfaransa Edme Mariotte alilieleza katika miaka ya 1660.

Chora msalaba mdogo kwenye karatasi, na sentimita 8 kulia kwake chora doa jeusi la sentimita 1. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia kazia macho msalaba tu, karatasi ikiwa sentimita 30 kutoka usoni. Isogeze polepole mbele na nyuma. Mahali fulani doa litapotea na utaona karatasi nyeupe tupu. Wanaoshindwa karibu wote wana kosa moja: macho yamekimbilia kwenye doa.

Kuna seli nyingine zinazohisi mwanga zaidi ya fimbo na koni?

Zipo, na zilithibitishwa mwaka 2002 tu. Ni ganglioni chache zenye melanopsini, zinazovutiwa zaidi na mwanga wa nanomita 480 hivi. Hazichori picha. Zinaueleza ubongo kama ni mchana au usiku, hupanga saa ya usingizi, na huchangia kufunga mboni mwanga ukizidi. Mtu aliyepoteza fimbo na koni zote anaweza bado kulala na kuamka kwa kufuata jua kama ganglioni hizi zimesalimika. Daktari anayefikiria kuondoa jicho lisiloona anapaswa kulikumbuka hilo.

Kwa nini wanaume ndio wengi wenye kutotofautisha nyekundu na kijani?

Jeni za koni za mawimbi marefu na ya kati ziko jirani kwenye kromosomu X na zinafanana mno, hivyo hukosea kirahisi zinaponakiliwa. Mwanaume ana X moja tu. Ikiharibika hana akiba. Kwa wenye asili ya Ulaya, wanaume kama 8 kati ya 100 wana hali hii, wanawake chini ya 1. Kwa Waafrika viwango huwa chini zaidi. Jeni ya koni ya bluu iko kwenye kromosomu ya 7, kwa hiyo hitilafu yake ni adimu na haichagui jinsia.

Mkemia John Dalton alidhani ute wa macho yake ulikuwa wa bluu, akaagiza yachunguzwe akifa. Alipofariki mwaka 1844 ute ulikutwa angavu, usio na rangi. Mwaka 1995 vinasaba vya jicho lake lililohifadhiwa vilionyesha kwamba hakuwa na koni za mawimbi ya kati.

Tabaka la seli za rangi linafanya nini, na kwa nini watu wenye ualbino huona kwa shida?

Melanini yake hunyonya mwanga uliokosa kukamatwa, usirudi kutapanya picha. Seli zake hupinda upya retinali, huzuia vitu visivyotakiwa kutoka kwenye damu ya koroidi, hunyonya maji ili retina ibaki imelala ukutani, na humeza ncha za fimbo na koni. Fimbo hubadilisha sehemu yake yote ya nje kwa takriban siku 10, na ncha zilizochakaa humwagwa kwa wingi asubuhi mwanga unapoingia. Seli moja ya rangi huhudumia fimbo na koni thelathini na zaidi maisha yake yote, bila kuzaliwa upya. Mabaki ya mlo huo yakirundikana uzeeni, ndipo makula huanza kuharibika.

Kwenye ualbino, upungufu wa melanini huruhusu mwanga kutapanyika, lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba fovea haichimbiki ipasavyo mimbani, na nyuzi nyingi kuliko kawaida huvuka kwenda upande mwingine wa ubongo. Ndiyo sababu miwani peke yake haimalizi tatizo. Kinachosaidia mwanafunzi ni kukaa mbele, maandishi makubwa, kofia na miwani ya jua, na kioo cha kukuza au darubini ndogo ya mkono.

Kisukari kinashambulia tabaka gani?

Matabaka ya ndani kwanza. Retina ina vyanzo viwili vya damu: ateri yake ya kati hulisha theluthi mbili za ndani, koroidi hulisha theluthi ya nje. Sukari ikikaa juu, kapilari za ndani huvimba vivimbe vidogo, huvuja, kisha huziba. Retina yenye njaa ya oksijeni huomba mishipa mipya, nayo huota juu ya uso wake ikiwa dhaifu, hupasuka na kujaza jicho damu.

Ubaya wake ni kwamba fovea inaweza kubaki nzima hadi hatua za mwisho, na mgonjwa akaendelea kusoma vizuri. Kusubiri dalili ni kuchelewa. Mwenye kisukari cha aina ya 2 apimwe retina siku ugonjwa unapogundulika, kisha kila mwaka. Wa aina ya 1, ndani ya miaka 5 tangu uanze. Mjamzito mwenye kisukari, mapema kwenye mimba.

Selimundu nayo huziba kapilari, hasa pembezoni mwa retina. La kushangaza, wenye aina ya SC (jeni moja ya S na moja ya C) hupata madhara ya macho mara nyingi kuliko wenye SS (jeni mbili za S), ingawa miili yao haiumwi sana kama ya hao wa SS.

Na magonjwa mengine?

Glakoma, wengi huiita presha ya macho, huua ganglioni na nyuzi zake. Pembeni hupotea kwanza, bila maumivu. Mwenye mzazi au ndugu mwenye glakoma apimwe, na akifika miaka 40 asiahirishe. Ugonjwa wa kurithi wa retinitisi pigmentosa huua fimbo kwanza, kisha koni: upofu wa usiku utotoni au ujanani, halafu uwezo wa kuona hubaki kitundu katikati. Ateri ya kati ikiziba ghafla, jicho huzima bila maumivu. Lichukulie kuwa kiharusi na ukimbilie hospitali.

Haidroksiklorokwini, inayotumika kwa lupasi na baridi yabisi, inaweza kuharibu makula ikitumika miaka mingi. Kipimo kisizidi miligramu 5 kwa kilo ya uzito kwa siku, retina ipimwe mwaka wa kwanza, na kila mwaka baada ya miaka 5. Dozi fupi za zamani za klorokwini kwa ajili ya malaria si za kuogopa hapa.

Retina kubanduka ni nini, na nina muda gani?

Ni zile kuta mbili za kikombe kuachana: matabaka 1 hadi 9 hutengana na la 10. Kwa kawaida ute wa jicho husinyaa, huvuta, huchana retina, na maji hupenya kwenye tundu. Fimbo na koni zikitengwa na seli za rangi na koroidi huanza kufa.

Dalili ni vidoa vyeusi vingi vinavyoelea kwa ghafla, mimweko pembeni hasa gizani, na kivuli kinachosogea kama pazia. Walio hatarini zaidi ni wenye miopia kali (kutoona mbali), waliogongwa jichoni, na waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Mchaniko ukikutwa kabla ya kubanduka, leza huuzungushia kovu kwa dakika chache. Makula ikiwa bado imeshika, upasuaji hutakiwa haraka, mara nyingi ndani ya saa 24. Ikishabanduka, usomaji mara nyingi haurudi ulivyokuwa.

Ukiwekewa gesi jichoni, usipande ndege mpaka iishe. Gesi hutanuka ukipanda juu na huweza kuzima jicho kwa shinikizo. Hata basi la kutoka Mombasa kwenda Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, liulizwe kwanza kwa aliyekupasua. Na mjulishe daktari yeyote wa nusukaputi.

Kutazama kupatwa kwa jua kunaharibu nini?

Kunachoma fimbo, koni na seli za rangi za fovea, palepale lenzi inapokusanya mwanga. Retina haina hisia ya maumivu, kwa hiyo hutajua. Saa kadhaa baadaye unaona doa katikati. Wengine hupata nafuu ndani ya miezi 3 hadi 6, wengine hubaki nalo, na hakuna tiba iliyothibitishwa.

Filamu za eksirei, vioo vilivyopakwa masizi, sidii na miwani ya kawaida ya jua havikingi. Miwani iwe ya kiwango cha ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo. Agosti 2, 2027 kivuli kamili kitapita Afrika Kaskazini, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia. Kenya na Tanzania zitaona sehemu tu, na hapo hakuna sekunde hata moja ya kutazama bila kinga.

Kupima retina kunafanyikaje?

Unawekewa dawa ya kupanua mboni. Inachukua dakika 20 hadi 30, na ukungu wa karibu hudumu saa 4 hadi 6, hivyo usiendeshe. Beba miwani ya jua. Daktari hutazama kwa taa na lenzi. Kipimo cha OCT, kilichozinduliwa mwaka 1991, hutumia mwanga kuchora matabaka yenyewe kwa usahihi wa mikromita 5 hivi, bila kugusa jicho. Picha ya uso wa retina ikiwa nzuri lakini OCT ikaonyesha mstari wa tabaka la 9 umekatika, amini OCT.

Picha ya simu inaonyesha mboni ya mtoto nyeupe badala ya nyekundu. Nifanye nini?

Huenda ni pembe ya picha, lakini usikisie. Retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata zaidi watoto chini ya miaka 5, mara nyingi hugunduliwa hivyo, au kwa makengeza mapya. Mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, na udai mboni zipanuliwe macho yote mawili. Ikiwahiwa, mtoto hupona, na mara nyingine jicho pia huokolewa.

Fimbo na koni zikifa zinaota tena? Si wanapandikiza macho siku hizi?

Kwa binadamu hazioti. Samaki aina ya zebra huzitengeneza upya kutoka seli za Müller. Zetu hazifanyi hivyo. Kinachopandikizwa kila siku ni konea. Mei 2023 madaktari wa NYU Langone, New York, walihamisha jicho zima. Lilipata damu, lakini halikuona.

Palipo na mafanikio ni kwenye jeni ya RPE65, ambayo seli za rangi huihitaji ili kupinda retinali. Dawa iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017 hudungwa kati ya tabaka la 9 na la 10, katika ule mwanya wa kikombe. Inawafaa tu wenye hitilafu kwenye nakala zote mbili za jeni hiyo, na ambao bado wana fimbo na koni hai za kuokoa. Kwa hiyo kipimo cha vinasaba hutangulia, na anayekuuzia matone ya “kuotesha retina” hana cha kukupa.